Kindle au kishikwambi? Anza na vitabu unavyosoma

Matangazo ya namna hii yamejaa kwenye kurasa za kuuziana vitu mtandaoni: "Kindle ya rangi, inchi 10, YouTube inacheza, bei poa." Msomaji aliyekwisha kusikia sifa za Kindle, kwamba haichoshi macho na chaji yake inakaa wiki kadhaa, anatuma pesa. Akifungua boksi anakuta kioo kinachong'aa kama cha simu na chaji ya siku moja, na akitoka juani haoni kitu. Kifaa chenyewe si kibovu wala si feki. Ni kishikwambi cha kampuni ya Amazon, ambacho mwaka 2011 kilitoka kwa jina la Kindle Fire. Mwaka 2014 Amazon yenyewe iliondoa neno Kindle ikabakiza Fire, lakini wauzaji, hasa wa vifaa vilivyotumika, wameendelea na jina la zamani kwa sababu linauza.

Hapo ndipo unapoanzia mkanganyiko wa wapenda vitabu wengi wanaotaka kuacha kusomea kwenye simu. Wanauliza kifaa kipi ni bora, wakati swali linaloamua kila kitu ni jingine kabisa: vitabu unavyosoma viko katika faili la aina gani, na unavipata wapi? Ukilijibu hilo kwa ukweli, kifaa kinajichagua chenyewe. Lakini kwanza tuvifahamu vifaa vyenyewe.

Tofauti iko kwenye kioo

Kishikwambi, au tableti, ni kompyuta bapa ya kugusa yenye rangi, video, intaneti na programu za kila aina. Watanzania wengi walivizoea kwenye Sensa ya mwaka 2022, makarani walipovitumia kuhesabu watu, na baadaye vikapelekwa kwa walimu. Kisomaji cha vitabu ni kifaa cha kazi moja tu, kusoma, na kinachokitofautisha na vingine ni skrini ya wino wa kielektroniki. Kindle ni chapa moja ya visomaji, ya Amazon. Ipo pia Kobo ya kampuni ya Rakuten ya Japani, kuna PocketBook, kuna Boox.

Kuvitofautisha dukani hakuhitaji utaalamu. Bonyeza kitufe cha kuzimia skrini. Kishikwambi kitakuwa cheusi tii. Kisomaji kitabaki na picha au jalada la kitabu juu ya kioo, na picha hiyo itakaa hapo hata mwezi mzima. Kisha kipeleke mlangoni penye jua kali: kioo cha kishikwambi kitafifia, cha kisomaji kitazidi kusomeka.

Ndani ya skrini ya kisomaji kuna utando wa vijifuko vidogo mno, kila kimoja kikiwa na kipenyo kinachokaribia unene wa unywele. Kila kijifuko kina kimiminika chenye chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukielekezwa huku, chembe nyeupe hupanda juu na pale huonekana peupe; ukigeuzwa, nyeusi ndizo zinazopanda. Herufi unayoisoma ni chembe nyeusi zilizopanda, na zikishapanda hutulia hapo bila kuhitaji umeme mwingine. Ni kama ubao wa darasani: mwalimu hutumia nguvu anapoandika na anapofuta, lakini maandishi yakishakaa hayamgharimu chochote, na wanafunzi huyaona kwa mwanga unaoingia dirishani. Kampuni ya E Ink iliyoanzishwa mwaka 1997 na watu waliotoka katika maabara za MIT nchini Marekani ndiyo iliyoiingiza teknolojia hiyo sokoni. Kisomaji cha kwanza cha aina hiyo kuuzwa kilikuwa Librie cha Sony, mwaka 2004 huko Japani. Kindle ya kwanza ilifuata Novemba 2007 kwa dola 399.

Skrini ya kishikwambi hufanya kazi kwa njia nyingine. Taa ziko nyuma ya kioo, au kila nukta inawaka yenyewe, na picha huchorwa upya mara 60 au zaidi kwa sekunde hata kama unatazama ukurasa uleule kwa dakika tano. Ndiyo maana kinaweza kuonyesha video laini, na ndiyo maana kinakula chaji.

Kutokana na umbile la skrini ya wino pekee unaweza kukisia karibu kila sifa na kila kasoro ya kisomaji. Chembe zinahitaji muda kusogea, kwa hiyo ukurasa hubadilika kwa kupepesa kidogo, na kuperuzi tovuti ndani ya kisomaji ni mateso. Chembe chache hubaki nyuma, kwa hiyo wakati mwingine utaona kivuli hafifu cha herufi za ukurasa uliopita. Wapo wanaorudisha Kindle dukani wakidai ina kasoro, kumbe wanachokizungumzia ni kivuli hicho. Si ugonjwa. Nenda kwenye mipangilio ya kusomea, washa chaguo la kusafisha skrini kila ukurasa, na kivuli kitaondoka. Utakachopata badala yake ni kupepesa zaidi na chaji kupungua kidogo.

Chaji: soma maandishi madogo ya boksi

Madai ya "wiki 10" au "wiki 12" si uongo, ila yanahitaji kupigiwa hesabu. Amazon ilipotangaza kwamba Kindle Paperwhite ya mwaka 2021 inakaa na chaji hadi wiki 10, ilikuwa inahesabu kusoma nusu saa kwa siku, Wi-Fi ikiwa imezimwa na taa ikiwa ngazi ya 13. Siku 70 mara nusu saa ni saa 35. Msomaji wa kweli, anayemaliza saa tatu kila siku, atachaji baada ya siku 11 au 12, na mapema zaidi akiongeza taa. Kishikwambi cha kawaida hutoa takriban saa 10 za matumizi mepesi. Tofauti ni kubwa, hasa kwa anayeishi mahali ambapo umeme unakatika au anayesafiri kwa basi siku nzima, lakini si ile ya "kuchaji mara tano kwa mwaka" ambayo watu huisimulia.

Kuhusu macho, uvumi ni mwingi kuliko ukweli

Uvumi wa kwanza ni kwamba visomaji havina mwanga, kwa hiyo usiku unahitaji taa pembeni. Ilikuwa kweli kwa vya zamani. Vipya karibu vyote vina taa ndogo pembezoni mwa kioo ambazo humwaga mwanga juu ya ukurasa kutoka mbele, ukaakisiwa na kurudi machoni kama unavyoakisiwa na karatasi. Mwanga wa kishikwambi hutoka nyuma na kukupiga moja kwa moja. Ukipunguza mwanga wa kishikwambi ulingane na mwanga wa chumba, tofauti hiyo inapungua sana.

Uvumi wa pili, wenye nguvu zaidi, ni kwamba mwanga wa buluu wa skrini unaua macho, na kwamba miwani ya kuuchuja ni ya lazima. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani kimesema mara kadhaa kwamba hakuna ushahidi kuwa mwanga wa buluu wa skrini unaharibu jicho, na hakipendekezi miwani hiyo kwa watumiaji wa kompyuta. Macho kuwasha na kuchoka ni kweli kabisa, ila chanzo chake kikubwa ni kutopepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa karibu mara 15 kwa dakika. Akikaza macho kwenye skrini hupepesa mara chache zaidi, na jicho linakauka. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Na kama umevuka miaka 40 na herufi za karibu zimeanza kukutatiza, ongeza ukubwa wa maandishi bila aibu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kiafya ya kusomea kwenye kifaa chochote, na karatasi haikupi.

Usingizi ni habari tofauti, na hapa vichwa vya habari vilipotosha watu. Utafiti wa hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, uliotoka mwishoni mwa 2014, ulienea duniani kama onyo kwamba visomaji vya vitabu vinaharibu usingizi. Watu 12 walisoma saa nne kabla ya kulala, siku kadhaa kwenye kifaa na siku kadhaa kwenye kitabu cha karatasi. Waliotumia kifaa walichelewa kupata usingizi kwa karibu dakika 10. Lakini kifaa kilichotumika kilikuwa iPad, mwanga ukiwa umepandishwa hadi mwisho. Hakikuwa kisomaji cha wino wa kielektroniki. Kwa hiyo utafiti huo unamhusu msomaji wa kishikwambi, na dawa yake ni nyepesi: shusha mwanga, washa rangi ya uvuguvugu ya usiku, zima taarifa za WhatsApp.

Faili ndilo linaloamua

Sasa tufike kwenye kiini. Kuna aina mbili za mafaili ya vitabu ambazo lazima uzitenganishe kichwani kabla ya kutoa hela.

Aina ya kwanza ni maandishi yanayojipanga upya. Faili maarufu ni EPUB, na Amazon ina aina zake. Ukikuza herufi, mistari hujipanga upya kulingana na kioo, na kitabu cha kurasa 200 kinaweza kuwa cha kurasa 600 bila tatizo. Riwaya nzima isiyo na picha mara nyingi haifiki hata MB 2, kwa hiyo kisomaji chenye nafasi ya GB 16 kinabeba maelfu ya vitabu.

Aina ya pili ni ukurasa ulioganda, yaani PDF. Ilibuniwa na Adobe mwaka 1993 ili waraka uonekane vilevile kila mahali, na hiyo ndiyo shida yake kwenye kioo kidogo. Kioo cha inchi 6 kina upana wa takriban sentimita 9. Karatasi ya A4 ina sentimita 21. Ukiibana A4 iingie hapo, herufi za ukubwa wa 12 zinaonekana kama za ukubwa wa 5, kama maandishi ya karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Ukilaza kifaa na kukata nafasi nyeupe za pembeni, ambazo mara nyingi ni sentimita 2.5 kila upande, unafika kwenye 9, ambayo inasomeka, ingawa unasoma nusu ukurasa au chini ya hapo kwa mara moja. Kishikwambi cha inchi 10.1 kikisimamishwa kina upana wa sentimita 13.6 na herufi zile zile zinakuwa kama 8. Ukikilaza, upana unafika sentimita 21.7, na A4 inaonekana kwa ukubwa wake halisi.

Hili linamgusa msomaji wa Kiswahili kuliko linavyomgusa msomaji wa Kiingereza. Riwaya nyingi za Kiingereza zinauzwa kama EPUB au kwa umbo la Kindle. Vitabu vingi vya Kiswahili bado havimo katika maduka hayo kabisa. Vinavyopatikana kwa kidijitali mara nyingi ni softkopi za PDF ambazo waandishi huuza wenyewe kwa WhatsApp, vitabu vya kiada vilivyowekwa mtandaoni, tasnifu za vyuo vikuu, na vitabu vya zamani vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Mtu anayesoma hivyo kwa wingi akinunua kisomaji cha inchi 6 kwa sababu "ndicho kifaa cha wasomaji" atakijutia wiki ya kwanza.

Zipo PDF za namna mbili pia. Jaribu kuchagua neno moja kwa kidole au kipanya. Likichaguka, ndani kuna maandishi. Lisipochaguka, ukurasa ni picha tu. PDF yenye maandishi unaweza kuigeuza kuwa EPUB kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta, au kuituma kwenye anwani ya barua pepe ya Kindle yako ukiwa umeandika neno convert kwenye mstari wa mada. Usitarajie miujiza: namba za kurasa zitajitokeza katikati ya sentensi, majedwali yatavurugika, aya zitakatika ovyo. Kwa riwaya rahisi matokeo yanavumilika. Kwa kitabu cha kemia hapana. PDF ya picha haigeuki kwa njia hiyo. Kuna programu ya bure iitwayo k2pdfopt inayokata nafasi nyeupe na kuipanga upya picha ya maneno ifuate upana wa kioo, na kwa riwaya zilizopigwa picha vizuri inafanya kazi nzuri ajabu. Kama picha zilipigwa kwa simu zikiwa zimepinda, acha, tumia kishikwambi. Kumbuka pia kwamba visomaji vina kumbukumbu ndogo ya kufanyia kazi, na PDF ya picha yenye MB 150 itafunguka kwa kusuasua na wakati mwingine itakigandisha kifaa.

Ombi kwa waandishi wanaouza softkopi: ukitengeneza PDF kwa ukurasa wa A5 badala ya A4, msomaji mwenye kioo cha inchi 7 ataona herufi zako za 12 kama karibu 9. Ukitoa na EPUB kabisa, utakuwa umemfikia kila mtu, akiwemo asiyeona anayesomewa na simu.

Maneno marefu ya Kiswahili nayo yana hila yake. Kifaa kisichojua kukata maneno ya Kiswahili mwishoni mwa mstari, huku kikilazimisha mistari ilingane pande zote mbili, kitaacha mapengo makubwa kila linapotokea neno kama "walivyotuhangaisha". Kwenye mipangilio ya ukurasa chagua mistari ianzie kushoto na iishie popote. Mapengo yanatoweka papo hapo. Kamusi za ndani ya Kindle na Kobo ni msaada mkubwa kwa anayesoma Kiingereza, kwani unagusa neno na maana inatokea bila intaneti. Kamusi ya Kiswahili haimo. Upande wa kusomewa kwa sauti, kishikwambi cha Android kinashinda waziwazi: sauti ya Kiswahili ya Google inapatikana bure kwenye mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti, na programu nyingi za kusomea EPUB zinaitumia.

Kuviingiza vitabu, na kufuli unazonunua pamoja navyo

Kobo na PocketBook ni rahisi: unachomeka waya kwenye kompyuta, unaburuta EPUB, unachomoa kwa utaratibu, basi. Kindle haifungui EPUB iliyoburutwa kwa waya. Njia rahisi ni kuituma kupitia huduma ya Send to Kindle, ambayo tangu 2022 inapokea EPUB na kuigeuza yenyewe. Kwenye tovuti kikomo ni MB 200 kwa faili, kwa barua pepe MB 50. Ukituma kwa barua pepe na kitabu hakifiki, sababu ya kwanza kuchunguza ni kwamba anwani unayotumia haijaidhinishwa kwenye akaunti yako ya Amazon. Ya pili ni faili lenye makosa ya ndani. Lipitishe Calibre, ligeuze kutoka EPUB kwenda EPUB tena, kisha litume upya. Mwenye kompyuta ya Mac ajue kwamba Kindle mpya hazionekani kama diski ya kawaida, zinahitaji programu ya ziada ya kuhamisha mafaili.

Vitabu vingi vya kununua vina kufuli ya kidijitali. Chenye kufuli ulichonunua Amazon hakifunguki kwenye Kobo, na cha Kobo hakifunguki kwenye Kindle. Kishikwambi kinakwepa tatizo hili, kwa sababu unaweza kuweka programu ya Kindle na ya Kobo pamoja, zote bure. Na ieleweke kwamba unachonunua ni ruhusa ya kusoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye vifaa vya wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell ambazo muuzaji wake hakuwa na haki nazo, ikarudisha pesa. Tarehe 26 Februari 2025 iliondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Hapo wengi waliogopa kwamba hawataweza tena kuweka vitabu vyao kwa USB. Mafaili yako binafsi bado yanaingia kwa waya yakiwa katika umbo linalofaa, mathalani ukiyapeleka kwa Calibre. Kilichoondoka ni nakala za kompyuta za vitabu vya dukani.

Kwa Waswahili walio ughaibuni kuna jambo linaloweza kuamua kila kitu: maktaba za umma. Programu ya Libby hukopesha vitabu bure kwa mwenye kadi ya maktaba. Kuvipeleka kwenye Kindle kunawezekana Marekani tu. Aliye Kanada au Uingereza na anataka kukopa moja kwa moja kwenye kisomaji anunue Kobo.

Kipi ununue

Kama sehemu kubwa ya usomaji wako ni riwaya, wasifu, historia na insha kutoka maduka ya kidijitali au kutoka Project Gutenberg yenye zaidi ya vitabu 70,000 vya bure, nunua kisomaji. Nalisema bila kusitasita. Uzito peke yake unatosha: Kindle ya kawaida ina gramu 158, iPad au kishikwambi cha inchi 11 kinakaribia gramu 480, na mkono ulioshika kitabu kwa saa mbili unaijua tofauti hiyo. Zaidi ya hapo, ndani yake hakuna kitu kingine cha kufanya ila kusoma. Msomaji mwenye njaa ya vitabu anahitaji ulinzi dhidi ya ujumbe wa simu unaoingia katikati ya sura kuliko anavyohitaji rangi.

Kama unasoma PDF za masomo, magazeti, vitabu vya watoto vyenye picha, katuni au maandishi yenye michoro, nunua kishikwambi cha inchi 10 au zaidi, na angalia idadi ya nukta kabla ya bei. Cha inchi 10.1 chenye 1280 kwa 800 kina nukta 149 tu kwa inchi, herufi ndogo zitaonekana zimemeguka. Chenye 1920 kwa 1200 kinafika 224. Kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 4 ndiyo ya chini kabisa. Vile vya inchi 7 vya bei ya chini, vyenye 1024 kwa 600, havifai kusomea kitabu hata kimoja.

Katikati kuna vifaa vinavyovutia na vinavyochanganya. Visomaji vya rangi, kama Kobo Libra Colour na Kindle Colorsoft vya mwaka 2024, huonyesha maandishi kwa nukta 300 lakini rangi kwa 150, na rangi zenyewe ni za kupauka, kama gazeti lililokaa juani. Kichujio cha rangi pia hufanya ukurasa uwe na kijivu, kwa hiyo utawasha taa mara nyingi zaidi. Kwa jalada na mistari ya kuwekea alama vinatosha. Kwa kitabu cha picha cha mtoto havitoshi. Kindle Scribe ya inchi 10.2 inaonyesha A4 yenye herufi za 12 kama za 9, na Boox ni visomaji vya Android vinavyofikia hata inchi 13.3, vinavyokubali programu za kila duka. Kwa mtafiti anayeishi ndani ya PDF hizo ni suluhisho zuri, ila bei yake inazidi kishikwambi kizuri. Na vile vishikwambi vinavyotangazwa kuwa na "kioo kama karatasi" kwa kawaida ni skrini ya kawaida ya kishikwambi (LCD) iliyopakwa tabaka la kupunguza mng'ao. Taa bado iko nyuma.

Kuvunjika, na vya mtumba

Shirika la Worldreader lilipoanza mwaka 2010 kupeleka Kindle kwenye shule za Ghana na baadaye Kenya, kuvunjika kwa skrini kulijitokeza kuwa tatizo kubwa. Sababu inaeleweka: chini ya utando wa wino, visomaji vingi vina kioo chembamba sana. Hakihitaji kuanguka. Kinavunjika kwa kubanwa ndani ya begi lililojaa au kukaliwa kitandani, na juu hutaona ufa wowote, ila nusu ya ukurasa itaganda na mistari itakatiza. Kubadilisha skrini hukaribia bei ya kifaa kizima. Kava gumu linalofunika mbele si pambo, linunue siku ileile.

Ukinunua kilichotumika, jua umri wake. Kindle ya kawaida ya 2016 haina taa kabisa. Ya 2019 ina taa lakini nukta 167 kwa inchi. Ya 2022 ndiyo ya kwanza katika daraja hilo kuwa na nukta 300 na tundu la chaji la USB-C. Paperwhite zilifikia nukta 300 tangu 2015. Mwombe muuzaji akiondoe kifaa kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, kisha kiunganishe na Wi-Fi ya simu yako na ukisajili kwa jina lako kabla hujalipa. Kilichoripotiwa kuibwa kitakataa kusajiliwa, na hakuna fundi atakayekisaidia. Pandisha taa hadi mwisho kwenye kona yenye giza utafute madoa na mistari. Fungua kitabu, angalia asilimia ya chaji, geuza kurasa kwa nusu saa: ikishuka zaidi ya asilimia 5, betri imezeeka. Kikiwa kimekaa kabatini miezi mingi na hakiwaki, usikikatae papo hapo. Kichomeke kwenye chaja kwa saa kadhaa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 40 mfululizo.